Rangi ndani ya dimbwi: Kiripi Katembo, mwana wa Goma aliyeuona mji katika maji ya mvua

Karibu kila mahali watu walipokimbilia kwa sababu ya vita, siku moja hufika mtu na kamera. Anashuka kwenye pikipiki au kwenye gari lenye bendera, anasalimia, kisha anaanza kutafuta nyuso. Hapo kina mama wanavuta kitenge kufunika uso, wazee wanageukia upande, vijana wanauliza: "Foto hii inaenda wapi?" Wako wanaokubali, kwa kuwa wanatumaini msaada. Wako wanaokataa, na mara nyingi kukataa kwao huhesabiwa kuwa ni ushamba au ukaidi.

Mkongo mmoja alikutana na kukataa huko huko katika mitaa ya Kinshasa, naye hakukuita ukaidi. Alishusha kamera yake, akaielekeza chini, kwenye dimbwi la maji ya mvua lililokuwa miguuni pake. Kutokana na hapo alitengeneza picha za rangi ambazo zilifika hadi Paris, na ndani yake nyuso za watu hazitambulikani kwa urahisi. Jina lake ni Kiripi Katembo. Habari zake zinafaa kusimuliwa Kasongo, Kabambare na Wamaza, kwa sababu zinagusa swali ambalo familia nyingi zilizokimbia zinalijua: je, mahali na mateso yake vinaweza kuonyeshwa bila kumnyang'anya mtu uso wake?

Kwa nini watu waliogopa kamera

Hofu ya kamera katika nchi hii ina historia ndefu. Katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, picha nyingi zilipigwa na watu waliokuja kutawala, kuhubiri, kufanya biashara au kupima nchi. Mwenyeji alisimamishwa, akapigwa picha, na picha ikapanda meli. Mara nyingi jina lake halikuandikwa. Aliyebaki kijijini hakujua kama sura yake imekuwa kadi ya posta au ukurasa wa kitabu.

Hata picha iliyosaidia ilikuwa na uchungu wake. Mwaka 1904, huko Baringa katika eneo la Ekwateri, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala. Nsala ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na nyingine za namna hiyo zilionyeshwa kwa taa ya kukuza katika mikutano mingi ya Uingereza, na baadaye Marekani. Zilikuwa sehemu ya kelele zilizomlazimisha Leopold kuiacha Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908. Picha ilifanya kazi. Lakini huzuni ya Nsala ilizunguka dunia bila yeye, na hadi leo wengi wanamjua kwa saa moja tu, iliyokuwa mbaya kuliko zote za maisha yake.

Baadaye Wakongo wenyewe walishika kamera. Joseph Makula alipiga picha kwa ajili ya Congopresse, shirika la habari la serikali ya kikoloni. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alizunguka usiku katika baa za Léopoldville, akiwapiga picha wanamuziki, mabibi waliovaa vizuri na vijana waliojiita Mabill. Studio zikafunguliwa miji mingi. Pale studio mambo yalikuwa tofauti: mtu alikwenda mwenyewe, amechana nywele, amevaa suti au kitenge kipya, akalipa, akasimama anavyotaka, kisha akarudi nyumbani na picha yake. Picha ya namna hiyo ilitundikwa ukutani au kuwekwa ndani ya sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo.

Tangu wakati huo kuna picha za aina mbili vichwani mwa watu: picha uliyoiomba, na picha uliyochukuliwa. Wakati wa Zaire ya Mobutu hofu iliongezeka. Kupiga picha daraja, ofisi, askari au hata barabara bila ruhusa kuliweza kumfikisha mtu kwa watu wa usalama. Aliyebeba kamera barabarani alionekana kuwa jasusi, au mtu anayekwenda kuuza umaskini wa wengine ng'ambo. Mji wa Kinshasa uliirithi tabia hiyo, na ndio mji ambao Katembo alitaka kuupiga picha.

Kutoka Goma hadi shule ya sanaa

Kiripi Katembo alizaliwa Goma mwaka 1979. Alisoma katika Chuo cha Sanaa Nzuri cha Kinshasa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ya mchoraji. Jambo hilo lina uzito. Mchoraji hujifunza kuona rangi kabla ya kuona kitu: haoni kwanza "ukuta", anaona kwanza njano iliyochakaa inayokaribia kuwa kahawia. Jicho hilo Katembo alikwenda nalo kwenye sinema na kwenye kamera.

Tangu mwanzo alitafuta njia za kuutazama mji bila kuushtua. Mwaka 2008 alitoa filamu fupi iitwayo Voiture en carton, yaani gari la kadibodi. Alitumia simu ya mkononi iliyowekwa juu ya gari la kuchezea, gari hilo likavutwa na mtoto barabarani. Kamera ikaona mji kwa kimo cha magoti: miguu, magurudumu, vumbi, maji. Nani angemwogopa mtoto anayevuta gari lake? Mwaka 2010 filamu yake kuhusu Kinshasa na shida zake za kila siku ikawa moja kati ya nne zilizounganishwa katika Congo in Four Acts, pamoja na kazi ya Dieudo Hamadi, ambaye naye amekuwa mtengenezaji wa filamu anayejulikana duniani.

Ndani ya miaka hiyo hiyo alikuwa akifanya kazi iliyompa jina: mfululizo wa picha aliouita Un regard, yaani "mtazamo" au "jicho moja". Alieleza chanzo chake kwa maneno rahisi: watu wa Kinshasa hawakupenda kupigwa picha, naye akagundua kwamba katika madimbwi wote wanapita.

Jinsi dimbwi linavyochora

Njia yake inaeleweka hata kwa mtoto, ila kuifanya vizuri ni kazi. Mvua ikiisha, maji yanatuama barabarani. Mpiga picha anasimama karibu na dimbwi, anaielekeza kamera kwenye maji, anangoja. Mtu anapita ng'ambo ya dimbwi, kivuli chake cha rangi kinaonekana majini, kichwa chini miguu juu. Kamera inapiga. Kisha, wakati wa kuionyesha, picha inageuzwa juu chini. Sasa mtu anatembea wima kama kawaida, lakini mawe na takataka zilizokuwa ndani ya maji zinaonekana zikielea hewani, juu ya vichwa vya watu, kama mvua ya mawe iliyosimama kabla ya kuanguka.

Rangi ndizo zinazobeba kila kitu. Maji si kioo kamili. Ukiyatazama kutoka juu kabisa, yanarudisha mwanga kidogo sana, na unaona tope lililo chini. Ukiyatazama kwa mshazari, yanarudisha mwanga mwingi, na anga inajitokeza. Kwa hiyo katika picha moja kuna sehemu mbili: hapa buluu ya mbingu, pale kahawia ya udongo, na katikati rangi ambayo haina jina, iliyozaliwa na zote mbili. Upepo mdogo ukipita, mstari wa ukuta unavunjika, shati jekundu linakuwa doa jekundu linalotetemeka. Mafuta ya gari yakidondoka, yanatandaza utando wa zambarau na kijani. Mpiga picha anaamua kama jicho la kamera litulie juu ya jiwe lililo karibu au juu ya mtu aliye mbali ndani ya maji, kwa sababu ingawa vyote viko ndani ya dimbwi moja, kwa lenzi umbali wake ni tofauti. Akichagua mtu, jiwe linapoteza makali yake. Akichagua jiwe, mtu anakuwa rangi tu.

Wazungu wana jina la sanaa ya namna hiyo. Mwaka 1874 huko Paris kundi la wachoraji lilifanya maonyesho, na mmoja wao, Claude Monet, alileta mchoro wa bandari ya Le Havre alfajiri: jua la rangi ya chungwa, maji ya kijivu na buluu, mashua mbili tatu kama madoa. Aliuita Impression, soleil levant. Mwandishi mmoja wa gazeti aliucheka, akawaita wote "wapokea taswira", impressionnistes, kwa dhihaka. Jina likabaki, dhihaka ikasahaulika. Wazo lao lilikuwa kwamba jicho hupokea rangi na mwanga kwanza, na mistari ya vitu inakuja baadaye. Monet alimaliza miaka yake ya mwisho akichora maji ya bwawa lake na anga iliyolala ndani yake.

Katembo naye alikuwa mtu wa maji na anga, lakini bwawa la Monet lilikuwa bustani yake mwenyewe, lenye mayungiyungi. Dimbwi la Katembo lilikuwa njia ya watu wote.

Uzuri unaoleta mashtaka

Hapo ndipo wengine wanakosea wanapozitazama picha hizo. Wanaona rangi, wanasema "ni nzuri", wanaondoka. Lakini Katembo alijua dimbwi lilitoka wapi. Kinshasa ni mji wa mvua kubwa, na sehemu nyingi hazina mifereji, au mifereji yake imezibwa na chupa na mifuko ya plastiki. Mvua ya saa moja inaacha maji ya siku kadhaa. Katika kartie nyingi mtu hupita juu ya mawe yaliyopangwa kama daraja, akishika viatu mkononi. Maji hayo yakikaa, mbu anataga mayai ndani yake.

Majina aliyozipa baadhi ya picha yanasema waziwazi. Moja inaitwa Subir, kwa Kiswahili kuvumilia jambo ambalo hukulichagua. Nyingine Tenir, kushikilia usianguke. Hayo si majina ya mtu aliyetaka kupamba. Rangi inamvuta mtazamaji karibu, na akishakaribia anagundua kwamba nyota zile zinazoelea angani ni takataka, na mbingu ile laini ni maji machafu mbele ya mlango wa mtu. Hajaonyeshwa mtoto anayelia wala mama aliyenyoosha mkono. Ameonyeshwa barabara, na swali la nani alipaswa kuitengeneza.

Na wale wapitao ndani ya maji hawakuvuliwa heshima. Wana mwendo, wana nguo, wana mzigo, wana haraka ya kufika kazini. Uso umeyeyuka katika maji, lakini mtu amebaki.

Rangi nyingine: Kivu yenye majani mekundu

Katika miaka hiyo hiyo mgeni mmoja alijaribu njia nyingine ya rangi, tena upande huu wetu wa mashariki. Richard Mosse, mpiga picha kutoka Ireland, alianza mwaka 2010 kufanya kazi katika Kivu akiwa na filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome, ambayo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuacha kuitengeneza. Filamu ya aina hiyo ilibuniwa kwa ajili ya jeshi. Majani mabichi hurudisha kwa nguvu mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu haliuoni. Filamu inauona, na inauandika kwa rangi nyekundu na ya waridi. Turubai la kijani linalomficha askari halirudishi mwanga huo kama jani hai, kwa hiyo rubani aliyepiga picha kutoka angani aliweza kuujua uongo wake.

Mosse alichukua chombo hicho cha kufichua maadui, akakielekeza kwenye milima, wapiganaji na kambi za waliokimbia. Milima ya Kivu ikatoka waridi kama peremende. Kazi yake The Enclave ilionyeshwa katika banda la Ireland kwenye maonyesho makubwa ya Venice mwaka 2013, juu ya skrini sita, na mwaka uliofuata alipata tuzo ya Deutsche Börse huko London. Wako waliosema kwamba alivika vita nguo ya sherehe. Yeye alieleza kwamba dunia ilikuwa imezoea picha za kawaida za vita vya Kongo hata haizioni tena, naye alitaka kuonyesha kilichofichika kwa kutumia filamu inayoona kisichoonekana.

Hoja zote mbili zina nguvu, na mtu wa Maniema anaweza kuzipima mwenyewe. Waridi ile ilifanya watu wa mbali wasimame na kuuliza "kuna nini huko?" Hilo si jambo dogo kwa vita vilivyosahauliwa. Lakini anayejua kijani cha misitu kuanzia Kasongo hadi Kabambare, kijani cha mihogo na michikichi iliyoachwa shambani siku ya kukimbia, anajua pia kilichopotea humo. Kwa mkimbizi kijani si rangi tu. Ni shamba. Rangi ya Mosse ilitoka ndani ya filamu iliyokuja kutoka mbali. Rangi ya Katembo ilitoka katika mvua iliyonyesha usiku uliopita juu ya watu wenyewe.

Paris, na homa ya Kinshasa

Mwezi wa saba mwaka 2015, jumba la Fondation Cartier mjini Paris lilifungua maonyesho yaitwayo Beauté Congo, yaliyokusanya sanaa ya Kongo tangu 1926 hadi mwaka huo. Humo zilikuwamo kazi za wachoraji wa zamani, picha za Depara, michoro ya wasanii wa Kinshasa na Lubumbashi, na picha za madimbwi za Kiripi Katembo. Watu wa Paris walisimama mbele ya barabara za Kinshasa zilizogeuzwa kuwa anga.

Kabla ya maonyesho hayo kumaliza hata mwezi mmoja, tarehe 5 mwezi wa nane 2015, Katembo alifariki Kinshasa kwa malaria iliyopanda kichwani. Alikuwa na miaka 36. Hakuna haja ya kuongeza neno. Mtu aliyetumia miaka akiionyesha nchi maji yaliyotuama mbele ya nyumba zake alichukuliwa na ugonjwa unaoletwa na mbu wa maji yaliyotuama. Familia nyingi za hapa, hasa zilizolala chini ya mahema ya plastiki au katika madarasa ya shule bila chandarua, zinaujua ugonjwa huo kuliko zinavyojua jina la Katembo.

Aliacha pia kazi aliyoianzisha kwa ajili ya wengine. Mwaka 2014 mji wa Kinshasa ulipata toleo la kwanza la Yango, maonyesho ya sanaa ambayo yeye alikuwa mwanzilishi wake. Alitaka kazi za Wakongo zionekane kwanza na Wakongo, zisingoje kusifiwa Ulaya ndipo zirudi nyumbani.

Anachoacha kwa waliokimbia

Leo kamera iko mfukoni mwa karibu kila kijana mwenye simu. Picha ya mtu aliyelala chini akiwa mgonjwa, ya mwanamke aliyebakwa, ya maiti kando ya barabara, inaweza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp kutoka Salamabila hadi Kinshasa kabla jamaa hawajapewa habari. Na upande mwingine, familia nyingi zilizokimbia hazina picha hata moja ya maisha ya kabla ya vita. Sanduku liliachwa, nyumba ikachomwa, picha ya harusi na ya marehemu baba zikaungua humo. Picha walizokuwa wameziomba zimepotea. Picha walizochukuliwa bado zinazunguka.

Mbele ya hali hiyo, njia ya Katembo si ufundi wa wasanii peke yao. Aliyekataa kupigwa picha alipewa haki yake, na kazi haikusimama kwa sababu hiyo. Ushahidi wa shida ulitolewa: barabara mbovu, maji machafu, mji uliosahauliwa. Nyuso hazikuuzwa. Kijana wa Wamaza anayetaka kuonyesha jinsi watu wanavyoishi hawezi kukosa pa kuelekeza simu yake. Masika yakifika, barabara kati ya Kasongo na Kabambare ina madimbwi ya kutosha. Ndani yake wanapita wachuuzi na baiskeli zao, wanafunzi, wanawake wenye mizigo ya kuni, na pikipiki zilizobeba watu watatu.

Katika picha za Kinshasa mtu anapita upande wa pili wa maji na kwenda zake. Uso wake amebaki nao.